Bei ya mgeni mlangoni mwa Louvre

Tangu tarehe 14 Januari 2026, mlango wa Louvre, jumba kubwa la makumbusho mjini Paris, una bei mbili. Raia au mkaazi wa Umoja wa Ulaya, pamoja na wa Norway, Iceland na Liechtenstein, analipa euro 22. Wengine wote, awe Mkenya, Mtanzania, Mmarekani, Mchina, hata Mwingereza ambaye nchi yake ilijitoa katika Umoja huo, wanalipa 32. Kwetu hiyo ni kama shilingi 4,800 za Kenya kwa kichwa kimoja, na hapo hujanunua hata maji ya kunywa. Walio chini ya miaka 18 wanaingia bure, watoke popote.

Neno la kwanza linalomjia Mwafrika akisikia habari hii ni ubaguzi. Nami lilinijia. Lakini kabla hatujalisema kwa sauti, tutazame kwanza milango yetu wenyewe.

Ukienda Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, utakuta viingilio vimepangwa kwa mafungu: mwananchi, mkaazi, mgeni. Mgeni ndiye anayetoa nyingi. Maasai Mara, kuanzia Julai hadi Desemba, mgeni wa nje anatozwa dola 200 kwa siku, na sisi tunatoa sehemu ndogo tu ya hizo. Kule India, Mhindi anaingia Taj Mahal kwa rupia 50, mgeni wa mbali kwa 1,100. Niliwahi kusimama penye kidirisha cha tiketi cha makumbusho moja ya pwani, mbele yangu kijana aliyezaliwa ng'ambo, Kiswahili chake kimenyooka, lafudhi ya bibi yake kabisa. Aliulizwa kitambulisho. Akatoa pasipoti ya nje. Karani hakubishana naye, aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa orodha ya bei. Kijana alilipa kimya, ila uso ulimshuka. Nilimwonea huruma, lakini nilipofika mimi nilitoa bei ya mwananchi na wala sikuona vibaya.

Kwa hiyo bei mbili zenyewe hazinikeri. Na Louvre ina sababu za kutafuta pesa. Mwaka 2024 ilipokea watu milioni 8.7, ilhali piramidi ya kioo wanayoingilia, iliyofunguliwa mwaka 1989, ilijengwa kwa hesabu ya milioni 4 kwa mwaka. Oktoba 2025 wezi walipanda mchana kweupe na kuondoka na vito vya kifalme vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 88. Mwezi uliofuata bomba likavuja na kulowesha mamia ya vitabu na nyaraka katika maktaba ya mambo ya kale ya Misri. Jengo limechoka. Uongozi wake unatarajia bei mpya ilete kati ya euro milioni 15 na 20 kwa mwaka. Wanaoitetea wanasema Mfaransa amekwisha kulitunza jumba hilo kwa kodi yake, na kwamba mtu aliyelipia ndege na hoteli hawezi kushindwa na euro kumi za ziada.

Hoja ya kodi ni nzito, lakini inavuja palepale mlangoni. Mnorwei hatii hata senti katika hazina ya Ufaransa, na nchi yake haimo hata katika Umoja wa Ulaya. Mbona yeye analipa 22? Jibu liko mahakamani. Januari 2003, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliibana Italia kwa sababu wazee wenyeji wa miji fulani walipewa nafuu ya kiingilio, pamoja na ile ya kasri la Doge, mtawala wa zamani wa Venice, huku Wazungu wa nchi nyingine za Umoja wakinyimwa. Tangu hapo haikuwa rahisi kwa Ufaransa kuwapendelea Wafaransa peke yao, basi mstari ukasogezwa hadi kwenye mpaka wa Ulaya. Bei ya 22 imekuwa bei ya pasipoti na kibali cha ukaazi. Hata vyama vya wafanyakazi wa Louvre viliipinga.

Kinachoniudhi zaidi ni mfuko. Kwetu, na India vilevile, bei ya chini anapewa mwenye kipato kidogo, kwa kuwa mwenyeji kwa kawaida ndiye maskini kuliko mtalii. Ukipunguza bei ya mwananchi, mtoto wa Likoni naye anaona ngome iliyojengwa mjini kwao. Paris wameugeuza mpango huo juu chini: mfanyakazi wa benki wa Luxembourg anapewa nafuu, mwalimu wa Tanga aliyedunduliza miaka mitatu anaongezewa. Huyu mwalimu alikwisha kutoa euro 90 za viza, pesa ambazo hazirudi hata akikataliwa. Kwa Mmarekani nakubali, euro kumi si kitu. Kwa mwalimu wa Tanga kila kituo cha safari kimemkata kumi zake.

Halafu kuna vilivyomo ndani. Yupo mwandishi wa Misri ya kale, sanamu iliyochongwa kwa mawe ya chokaa na kupakwa rangi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Amekaa amekunja miguu, karatasi ya mafunjo imetandazwa mapajani, vidole vimeshika kalamu ambayo haipo tena. Macho yake ni ya kioo cha mawe, na yanakutazama kama mtu anayengoja umalize sentensi ili aiandike. Alifukuliwa Saqqara mwaka 1850. Mmisri akitaka kumwona leo atatoa 32, bei ya mgeni. Cairo kwenyewe, katika jumba jipya la makumbusho karibu na piramidi za Giza, Mmisri analipa pauni 200 za kwao na mgeni 1,450. Hapo sioni kasoro.

Mwaka 2002 Louvre ilikuwa miongoni mwa makumbusho makubwa yaliyotia saini tamko la pamoja, wakati madai ya nchi kurudishiwa vitu vyao yalipokuwa yakizidi. Walisema makumbusho ya namna yao hayahudumii raia wa nchi moja tu, yanahudumia watu wa kila taifa. Sawa. Kama mwandishi wa Saqqara habaki Paris kwa ajili ya Wafaransa, anabaki kwa ajili ya dunia, basi dunia hiyo haiwezi kugawanywa mafungu mawili inapofika kwenye tiketi. Vitu vikidaiwa sisi ni wamiliki wenza, wakati wa kulipa tunakuwa wageni.

London wamekwenda njia nyingine. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa yote yako wazi bure kwa maonyesho ya kudumu, na British Museum haikuulizi umetoka wapi. Gharama yake ipo: jumba hilo nalo ni bovu mahali pengi, mwaka 2023 iligundulika kuwa vitu kama 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na mwaka 2024 aliyewahi kuliongoza kwa muda alipendekeza wageni watozwe pauni 20. Bure haitunzi paa. Jiji la Venice nalo linawatoza kiingilio watu wa kutwa kwa siku za msongamano, na humo Mroma na Mnairobi wako sawa. Anayesamehewa ni mwenyeji wa mkoa na anayelala hotelini, kwa kuwa huyo amelipa kodi ya kitanda. Mstari wa namna hiyo naweza kuuelewa.

Mimi ningeona afadhali Louvre ipandishe kidogo kwa wote, na impunguzie mwenye kipato kidogo popote atokapo. Kama ilivyo sasa, chukua familia ya Kikongo ya Brussels: binti ana kibali cha ukaazi, mama amekuja kutoka Bukavu kumjulia hali mjukuu. Wanaingia pamoja, wameshikana mikono, na mama ndiye anayelipiwa zaidi.

Kwa anayepanga safari: Petit Palais na Carnavalet, makumbusho ya jiji la Paris, hazitozi kitu kwa maonyesho ya kudumu. Mwandishi wa Saqqara yuko katika upande wa Louvre uitwao Sully, ghorofa ya kwanza, chumba cha 635.