Wosia ukipingwa, nani amsemee marehemu?

Kesi ya wosia ina kasoro yake ya kuzaliwa nayo: shahidi mkuu yuko kaburini. Anayeutetea wosia anasema ndiyo kauli ya marehemu. Anayeupinga naye anaapa kwamba marehemu hakuwa mtu wa kusema hivyo. Hakimu anabaki na karatasi, na watu ambao wote wanaitaka mali.

Wengi hukimbilia mahakamani kwa sababu mgawo umewauma. Mmoja kaachiwa nyumba, mwingine hata kiti hakupata. Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, uchungu huo peke yake haubatilishi wosia. Mtu ana hiari ya kupendelea. Kwingine hiari hiyo ina mpaka. Sheria ya Kiislamu inaruhusu kuusia hadi theluthi moja ya mali, na Ufaransa inawatengea watoto fungu ambalo mzazi hawezi kuligawa apendavyo. Kwa hiyo kabla ya kugombana juu ya maneno ya wosia, ijulikane kwanza unatawaliwa na sheria ipi.

Hoja ya utaratibu ndiyo nyepesi kuamua. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 inataka saini iwekwe au ikubaliwe mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, na shahidi aliyeachiwa kitu humo anakikosa, ingawa wosia wenyewe unabaki. Ukali huo unazuia hila nyingi. Lakini mwaka 1948 mkulima mmoja wa Saskatchewan, Kanada, Cecil George Harris, alinaswa chini ya trekta lake, akakwaruza kwenye bati la tairi maneno machache ya kumwachia mkewe kila kitu. Hapakuwa na shahidi hata mmoja. Bati likakatwa, mahakama ikalikubali kuwa wosia, kwa kuwa sheria ya huko ilitambua wosia ulioandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Sijui nani angethubutu kusema yule bwana hakumaanisha alichoandika.

Ugumu unaanza kwenye akili timamu. Kipimo kinachotumika hadi leo kilitoka kwenye kesi ya Banks na Goodfellow, 1870. John Banks aliamini kwamba anaandamwa na pepo wabaya, na bado wosia wake ulisimama. Majaji walitazama kama alielewa wosia ni nini, mali yake ni ya kiasi gani, na nani walistahili kufikiriwa. Na kama ugonjwa wenyewe ndio ulioupinda mgawo. Ndiyo maana cheti cha hospitali kinachosema mzee alikuwa akisahau hakitoshi. Kinachotafutwa ni hali yake siku ile alipotoa maagizo na kutia saini. Hapo maelezo aliyoyaandika wakili siku hiyohiyo, au daktari aliyemwona, huwa na uzito kuliko ndugu kumi wanaokumbuka baada ya mazishi.

Shinikizo ni hoja inayopendwa mno, na ndiyo inayoanguka mara nyingi. Kubembeleza si kosa; kosa ni kumwendesha mtu kinyume cha hiari yake, jambo linalofanyika mlango ukiwa umefungwa. Mimi naona silaha kali zaidi ni ile ya kesi ya Barry na Butlin, 1838: aliyeshiriki kuandaa wosia unaomnufaisha yeye mwenyewe lazima auondoe wasiwasi wa mahakama. Badala ya kumwita dada yako mdanganyifu, uliza nani alimwita wakili, nani alikuwa chumbani, na kama mzee alisomewa alichotia saini.

Lakini silaha hiyo inamkata pia asiye na hatia. Binti aliyemuuguza baba miaka sita ndiye atakayekuwa amemwita wakili, kwa sababu wengine hawakuwepo. Ukaribu wake unageuzwa ushahidi dhidi yake, na waliokuwa mbali wanaonekana wasafi kwa sababu tu walikuwa mbali. Hapo simlaumu hakimu anayesitasita.

Mwenye hoja ya kweli asichelewe. Aombe usimamizi wa mirathi uzuiwe kabla mali haijagawanywa, maana kurudisha kilichokwishauzwa ni kazi nyingine kabisa. Usuluhishi nao ujaribiwe mapema, gharama zisije zikaila mirathi yenyewe.

Na kuna swali ambalo wapinzani wengi hulisahau: huu ukianguka, unasimama upi? Mara nyingi ni wosia wa zamani, au, kama haupo, mgawo wa kisheria wa mtu aliyekufa bila wosia. Mpwa aliyeachiwa kidogo kwenye wosia anaoupinga anaweza kushinda kesi na kutoka mikono mitupu.