Karanga za kiangazi hazifuati zamu ya mfereji

Huku kwetu Mpwapwa, anayelima karanga kiangazi anamwagilia siku ya zamu yake. Ikiwa ni Jumanne, basi Jumanne anafungulia maji mpaka jaruba lijae, udongo uwe mkavu au uwe bado umelowa. Anaogopa zamu isimpite. Namwelewa, maana nami nilifanya hivyo misimu miwili. Lakini utaratibu huu unatupotezea maji na karanga pia, na naona ni wakati wa kuubadilisha.

Karanga haihitaji maji sawasawa tangu kuota hadi kung'olewa. Ikishaota vizuri, iache ikae na kiu kidogo, kama wiki mbili hivi. Mizizi itashuka kufuata unyevu, na maua yatatoka kwa pamoja. Ukiizamisha kwenye maji wakati huo utavuna majani. Ikianza kuchanua, kama mwezi mmoja baada ya kupanda, hapo usicheze na maji, udongo usikauke.

Chuchumaa pembeni ya mche uangalie. Ua la njano likishanyauka, mahali pake panatoka kijiti chembamba chenye ncha, kinainama kutafuta udongo. Kikiukuta laini kinazama sentimita 4 au 5, ncha inavimba, na hiyo ndiyo karanga yako. Kikiukuta mgumu kinakaukia juu. Niliwahi kung'oa mche mmoja nikahesabu vijiti 11 vilivyokauka na karanga 6 tu. Maji nilikuwa nimeweka tele, ila siku 9 zilikuwa zimepita, na jua la Oktoba limeuoka udongo ukawa tofali.

Majirani zetu wa Kongwa wanalijua hilo. Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha 1951. Mbali na mvua kuwa haba, udongo ule wa mfinyanzi ukikauka ulishikamana hata kuzichimba karanga ikawa kazi.

Kwa hiyo nayapa matandazo uzito uleule ninaoupa mfereji. Natandaza majani makavu kati ya mistari kabla maua hayajatoka, unene wa vidole viwili, shina naliacha wazi. Ukirundika zaidi, vijiti vinaning'inia juu ya nyasi bila kufika udongoni. Mchwa wanasumbua sana huku, lazima kukagua kila baada ya siku chache. Mabua ya kutandaza nayo nayakusanya mapema, maana ng'ombe nao wanayataka.

Kabla ya kumwagilia nafukua kwa mkono chini ya matandazo, nachukua udongo naufinya. Ukifanya donge, nasubiri. Ukipukutika, nafungulia maji. Zamani nilimwagilia kila siku ya 5. Sasa nafika ya 8.

Halafu kuna wanaofunga maji mapema mno mwishoni. Ukame na joto vikikutana wakati punje zinajaa, kuvu wa sumukuvu anaingia karanga zikiwa bado ardhini. Sisi wa Dodoma tuliona mwaka 2016 jinsi sumukuvu ya kwenye mahindi ilivyoua watu hapa na Manyara.

Ninachoomba ni zamu zipangwe kwa umri wa mazao: tarehe ya kupanda ya kila shamba iandikwe, na wenye karanga zinazochanua watangulie. Jumanne hii nimemwachia jirani zamu yangu. Zake zina maua tayari. Zangu zina siku 18.