Mke Wangu Anamkumbuka Nani?

Jamani, mimi n'shachoka. Mtu mzima nimefika umri wa kusahau, na bado watu wananilazimisha kukumbuka.

Chanzo ni kahawa. Sisi wazee wa hapa Kikwajuni, Unguja, tuna baraza yetu, tukitoka kusali magharibi tunakaa, kahawa, kashata, dhumna, na kuwasema wasiokuwepo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri tu. Juzi akaja kijana mmoja, mtoto wa jirani, akatuuliza: "Wazee, kila mmoja ataje wimbo anaoupenda na kitu unachomkumbusha." Dhumna ikasimama. Mimi nilikuwa na sita-sita mkononi, nikaiona inafia pale pale.

Akaanza mwalimu mstaafu. Huyu hata ukimuuliza saa ngapi ataanzia pale jua lilipoumbwa. Ameulizwa wimbo, kaanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, kwamba ndiye aliyeleta muziki wa Kimisri kwenye jumba lake na kumpeleka Mohamed bin Ibrahim hadi Cairo akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi. Haya. Tukafika 1905, Ikhwani Safaa wanaanzisha chama chao cha taarabu, kahawa imepoa. Tukafika 1928, Siti binti Saad huyo kapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri. "Mwalimu, wimbo!" "Nafika, nafika." Hakufika. Adhana ya isha imemkuta bado yuko Bombay.

Baada ya isha ikawa zamu ya kijana wetu anayetembeza wageni Mji Mkongwe. Huyu wimbo anaoupenda unategemea mgeni katoka wapi. Akipata Mwingereza, anampenda Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ambaye kweli ni mtoto wa hapa, Farrokh Bulsara, kazaliwa mwaka 1946. Hilo halina ubishi. Ubishi ni nyumba. Nimemhesabia mwenyewe kwa macho yangu: nyumba anazowaonyesha wageni kuwa ndimo alimozaliwa zimefika sita. Nikamwambia, "Mwanangu, yule mama alikuwa na uchungu au alikuwa na daladala?" Akasema mzee mimi sijui biashara.

Zamu yangu ikafika. Hapo ndipo nilipogundua kuwa wenzangu nyimbo zinawakumbusha mapenzi, ujana, safari, na mimi nyimbo zangu zote zinanikumbusha hasara.

Kidumbak, kwa mfano. Mimi kidumbak nakipenda kuliko taarabu yenyewe ya kukaa kwenye viti. Vingoma viwili vidogo, fidla, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti, na sanduku. Mtu asiyelijua sanduku nimweleze: ni lile sanduku la mbao la majani ya chai, unalipindua, unasimamisha fimbo, unafunga kamba moja, ukiivuta na kuilegeza linatoa besi inayokuingia mpaka kwenye mbavu. Nilipokuwa skuli, darasa la tano, mimi na wenzangu tukataka kupiga chetu. Vingoma tukapata, sanduku hatuna. Lipo moja tu mtaa mzima, chumbani kwa mama, limejaa kanga zake. Kanga nikazipanga vizuri chini ya kitanda, sanduku nikalitoboa. Sitaki kueleza yaliyofuata. Ila mpaka leo kidumbak kikipigwa harusini, wenzangu wanashika viuno, mimi najishika makalio.

Au ule mwaka wa giza. Nani aliyekuwa Unguja kausahau? Disemba 2009 umeme ukazimika kisiwa kizima, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara umepata hitilafu, haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Maji ya shida, barafu hakuna, usiku unamjua mkeo kwa sauti. Mimi ni fundi redio, na niseme ukweli wangu mbele ya Mungu: nilifanya kazi. Watu walifukua redio kaseti walizokuwa wamezitupa stoo, za betri, wakaniletea kwa foleni. Betri zikiisha nguvu wanazianika juani kama papa. Nilikuwa na kanda moja niipendayo, nikiipiga kibandani kwangu asubuhi mpaka jioni, na jirani yangu mwenye duka ana jenereta linaunguruma kuta mbili kutoka nilipo. Leo ule wimbo nikiusikia safi, bila jenereta, nauona umepungukiwa na chombo. Nimemwambia mjukuu wangu anitafutie uliopigwa na jenereta. Ananiangalia tu.

Basi nikayasema hayo barazani, wakanicheka, nami nikakasirika, nikarudi nyumbani. Na hasira za barazani ukizipeleka nyumbani zinazaa.

Nimemkuta mama watoto jikoni anasukuma chapati. Mjukuu kamwachia simu juu ya mtungi wa gesi, inapiga taarabu. Wimbo wenyewe siutaji, kwa sababu nikiutaja nitalala barazani. Ni wimbo wa zamani, wa kanda. Na yule mwanamke anatabasamu.

Sasa nielewe. Mimi na yeye tumeoana mwaka 1992. Tabasamu zake nazijua zote: ya wageni, ya mshahara, ya kuniambia "sawa" wakati si sawa. Hili si katika hizo. Hili nimeliona mara chache, na kila nilipoliona wimbo ulikuwa ni huu huu. Harusini ukipigwa wimbo huu, huyo anainuka, kanga kiunoni, anakwenda kwa madaha mpaka mbele kumtunza mwimbaji. Na noti anayotunzia ni yangu! Miaka yote hii nagharimia fumbo ambalo sijui anapelekewa nani.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa: "Wimbo huu unakukumbusha nini?"

"Mambo ya zamani."

"Mambo au mtu?"

"Mtu."

Akageuza chapati.

Sikulala. Nimelala ubavu wa kulia, nimelala wa kushoto, namtafuta mtu. Kabla yangu palikuwa na posa ya mtu wa Wete, najua, mwenye mashamba ya mikarafuu. Palikuwa na binamu yake mmoja aliyekuwa akipiga akodioni. Mtu mwenye akodioni ni hatari, mikono yake miwili ina kazi lakini macho yako huru. Nikaona ndiye.

Asubuhi nikaamua kuchunguza kifundi. Nikamwambia mjukuu aupige ule wimbo tena, mimi nikajikalisha uani najifanya nachokoa chaja. Bibi yake akaanza kuimba pamoja na simu, huku anafua. Anaimba vizuri, hilo simnyimi. Wamekwenda sawa beti ya kwanza, kiitikio, beti ya pili. Kufika katikati ya beti ya pili, mara, mke wangu yuko mbele! Simu iko kwenye mstari huu, yeye kesharuka yuko kwenye ule. Akanyamaza, akaisonya simu, akaingojea imfikie, wakaendelea.

"Hii simu imeongeza maneno," akasema.

Nikamwambia mjukuu aurudishe. Pale pale. Neno lile lile, nusu ya neno kabisa, anaruka kama mtu anayeruka dimbwi analolijua.

Chaja ikanianguka mkononi.

Maana mimi huo mruko naujua. Huo si wa kusahau, huo ni wa kukatwa. Redio ikimeza kanda, utepe unajikunja ndani kama tambi. Ukiwa umejikunja tu, unautoa taratibu, unaingiza kalamu kwenye tundu, unazungusha, umemaliza. Ukiwa umetafunika, dawa yake ni moja: kiwembe, unakata kipande kilichoharibika, unaunga kwa selotepu kwa upande wa mgongo, unasafisha hedi kwa pamba na spiriti, unamrudishia mwenyewe. Utepe wa kaseti unakwenda karibu sentimita tano kwa sekunde. Ukikata nusu mita, umekata sekunde kumi za wimbo. Nikamhesabia mke wangu pale alipokuwa akingojea simu imfikie: sekunde kumi, kumi na moja.

Nikamsogelea. "Ile kaseti yako ya huu wimbo, ya usichana wako. Iliwahi kuliwa na redio?"

"Ililiwa na redio," akasema, hakuinua hata macho, "ikamaliziwa na fundi."

"Fundi gani?"

Hapo sasa akainua macho. Akaniangalia kama anavyomwangalia changu sokoni saa kumi na moja jioni.

"Na upande wa pili nao uliukata," akasema.

Wallahi nilitafuta pa kukaa. Ni kweli, ukiukata utepe upande huu umeukata na ule, hilo kila fundi analijua na hakuna fundi anayemwambia mteja. Mimi siku zote nilidhani nilimwona mara ya kwanza harusini kwa shangazi yake. Kumbe mwaka mmoja nyuma alikuja kibandani kwangu kajitanda buibui, kaleta redio ya kaka yake, kwa siri, na kanda imo ndani. Anasema sikuinua kichwa hata mara moja. Nilikuwa nimeinamia solda. Anasema nilimwambia, "Njoo Jumaatano," akaja Jumaatano, nikamwambia, "Njoo Jumaamosi." Hapo nikaamini kuwa ni mimi kweli.

"Kwa hiyo yule mtu unayemkumbuka ni mimi?" nikauliza. Nimenyanyua kifua kidogo, sifichi.

"Namkumbuka fundi mmoja aliyenikatia wimbo wangu, na mia mbili yangu akaichukua."

"Na unatabasamu?"

"Natabasamu kwa kuwa mpaka leo namla."

Nikajitetea. Nikamwambia kipande kile kilitafunika, hakikuwa na dawa, asingepata fundi mwingine mjini kote wa kuunga bila kelele. Akasema kelele ilikuwepo, ilikuwa inasema "tap," na akanionyesha ilipokuwa, akaimba, akafika, akasema "tap" kwa ulimi, akaruka. Mjukuu akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi mtu mzima, sitaki deni la Akhera. Nikatoa elfu mbili mfukoni nikampa, yaishe. Akairudisha. Akasema riba ni haramu, anachodai ni mia mbili yake tu, na msamaha kwa ule wimbo wa upande wa pili, maana huo aliupenda zaidi na hajawahi kuujua ulivyokuwa unakwisha.

Basi nikatoka na elfu mbili yangu mpaka dukani kutafuta sarafu. Mwenye duka, yule yule wa jenereta, akanitazama, akaitazama noti, akaniambia hana chenji, nirudi Jumaamosi.