Kipepeo wa kwa daktari wa meno

Wiki tatu zilizopita nilisahihisha kazi ya mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, na mpaka leo sina hakika kama alama niliyompa ni halali.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Chagua mnyama yeyote, mtazame kwa dakika ishirini bila kumgusa, kisha andika anaishi wapi na anafanya nini. Wengi waliniletea kuku. Wawili walimleta paka yuleyule, maana ni majirani huko Majengo, na mmoja akaandika habari za konokono wa kwenye mgomba, kazi safi kabisa. Binti huyu yeye alikuwa amempeleka bibi yake kung'oa jino katika kliniki moja hapa Moshi, na pale mapokezi kuna tangi la samaki wa baharini. Akachagua samaki. Aliandika hivi: "Ni mweupe, ana mistari miwili mipana myeusi, mapezi ya nyuma ni ya njano, na mgongoni ana uzi mrefu mweupe unaopepea. Anaishi peke yake. Makazi yake ni kona ya kushoto, nyuma ya bomba la pampu. Hapendi kuogelea sana."

Nilicheka peke yangu pale ofisini, kisha kicheko kikakata. Mtoto hakuongopa hata neno moja. Aliandika alichokiona, kama nilivyomfundisha.

Jumamosi nikaenda mwenyewe.

"Shikamoo mwalimu. Umekuja kung'oa?" dada wa mapokezi akaniuliza.

"Marahaba. Hapana mwanangu, nimekuja kumwona samaki."

"Bendera? Yuko hapo nyuma ya bomba. Hatoki huyo mpaka aone chakula."

Jina la Bendera limemkaa, kwa sababu ule uzi ni mwiba wa nne wa pezi la mgongoni uliorefuka kupita kiasi, na akigeuka unafuata nyuma kama utepe. Nilivaa miwani nikaanza kuhesabu miiba. Sababu ni kwamba kuna samaki wawili wa jamii ya vipepeo wa baharini wanaofanana kama pacha. Mmoja ni Heniochus acuminatus, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, mwenye miiba 11 mgongoni, ambaye kwa kawaida hutembea peke yake au na mwenzake mmoja karibu na mwamba. Mwingine ni Heniochus diphreutes, aliyeelezwa na mtaalamu wa samaki aitwaye Jordan mwaka 1903, mwenye miiba 12, pua fupi kidogo na kifua cha mviringo. Wanafanana hata wataalamu waliwahesabu kuwa samaki mmoja kwa muda mrefu, mpaka watafiti Allen na Kuiter walipoonyesha mwaka 1978 kwamba ni wawili. Bendera hakutaka kutulia. Nilihesabu mara tatu: mara mbili nikapata 12, na mara ya tatu mama mmoja mwenye shavu lililovimba akaniomba nimpishe akae.

Kumi na mbili, basi. Huyu ni diphreutes, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Angekuwa yule wa 11, kona ya kushoto isingekuwa mbali sana na ukweli. Diphreutes ni samaki wa kundi.

(Jina lake nalo ni kichekesho. Heniochus ni Kigiriki, mwendesha gari la farasi. Diphreutes nalo ni mwendesha gari la farasi. Ukimleta stendi ya mabasi ya Moshi anaitwa Dereva Dereva, na ule uzi mgongoni ndio mjeledi.)

Niliwahi kuwaona wenyewe kwa wenyewe mara moja tu, kule Mafia, katika ghuba ya Chole. Mimi ni mtu wa migombani, kuogelea nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nilikuwa nimeshika kamba ya boti kama mbuzi wa sadaka, miwani ya kuzamia usoni, na nahodha akinihimiza kutoka juu, "Tulia mwalimu, usipigane na maji." Maji yalikuwa yanajaa na mkondo ulikuwa na nguvu. Chini yangu, juu kabisa ya mwamba, wengi wakiwa wametandaa kwenye maji matupu, walikuwapo hao. Nilifika 60 nikaacha kuhesabu. Wote wameelekeza vichwa upande mmoja, upande unakotoka mkondo, na kila mmoja anadonoa kitu nisichokiona: hapa tuk, pale tuk, kama kuku kwenye uwanja uliomwagiwa mtama. Kivuli changu kilipowafikia waligeuka kwa pamoja. Samaki hawa ni bapa kama sahani, ukiwatazama kwa ubavu wamejaa rangi, ukiwatazama kwa mbele ni wembamba kama shilingi iliyosimama kwa ukingo. Kwa hiyo walipogeuka, kundi zima likapotea kwenye maji ya buluu, kisha likarudi.

Nikamuuliza nahodha wanaitwaje. "Vipepeo tu hao, mwalimu." Pwani utasikia pia kitatange, lakini hilo ni jina la kugawiwa wengi, karibu kila samaki wa mwambani mwenye rangi na miiba anaweza kuangukiwa nalo.

Walichokuwa wakidonoa ni planktoni, viumbe vidogo mno vinavyochukuliwa na maji. Hapo ndipo tabia yake yote inapotoka. Jamii ya vipepeo wa baharini ina aina zaidi ya 120, na jina la ukoo wao, Chaetodontidae, maana yake ni meno kama nywele, kwa kuwa wana vijino vyembamba vilivyopangwa kama brashi. Wengi wao hutumia brashi hiyo kuchuna matumbawe au kuchokoa viumbe vidogo kwenye nyufa. Mwenye kula matumbawe hana haja ya kundi. Anashika eneo lake, mara nyingi na mwenzi mmoja, analinda kama Mchaga na kihamba chake, shamba la ukoo. Lakini chakula kinachopita na mkondo hakilindiki, hakina mpaka, na kukifuata lazima utoke mwambani uelee mita kadhaa juu ambako hakuna pa kujificha. Huko juu, macho mia ni bora kuliko mawili, na adui anayelenga mmoja kati ya mistari mia inayogeuka pamoja atapata shida. Hatari ikizidi wote wanarudi mwambani.

Sasa mweke mmoja kwenye tangi. Hakuna mkondo wa maana, hakuna wenzake, juu kuna taa. Atafanya lile moja lililobaki, yaani kujificha. Bomba la pampu ndilo mwamba wake.

Sitaki kumwonea mwenye kliniki. Tangi lake ni safi, samaki ananenepa, na ukweli ni kwamba huyu ni katika vipepeo wachache wanaovumilia kufugwa, kwa sababu hachagui sana chakula. Jaribu kumfuga Chaetodon trifascialis, anayetegemea matumbawe tu, uone atakavyokonda mbele ya macho yako. Uchaguzi wa namna hiyo ulimponza hata huko baharini: joto la mwaka 1998 lilipopausha na kuua matumbawe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, vipepeo wanaokula matumbawe ndio waliopungua kwanza. Mla planktoni alibaki na chakula. Ustahimilivu huohuo ndio unaompandisha hadi Moshi, mita 800 hivi juu ya bahari, kwenye maji ya chumvi ya kukoroga.

Ugomvi wangu uko kwenye kitu kingine. Watoto wetu wanamjua tembo. Wanamjua kwa sababu kila mwaka shule inakodi basi, tunakwenda Ngorongoro au Tarangire, tunamwona tembo na mama yake na shangazi zake, na hakuna mtoto anayerudi akaandika kwamba tembo hupenda kona. Bahari je? Bahari wanaiona kwenye kalenda na kwenye tangi la kliniki. Lakini Tanga ni kama kilomita 350 kutoka hapa, unapita Same, Mombo, Korogwe, Segera, asubuhi umeondoka na mchana unakula samaki. Kuna hifadhi ya bahari pale tangu mwaka 2009, iliyoanzishwa kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale yuleyule tunayemchora ubaoni tukifundisha mageuzi kana kwamba anaishi sayari nyingine. Miamba ipo. Vipepeo wapo. Maji yakipwa sana, hata asiyejua kuogelea anaona kitu.

Niliandika barua kuomba safari ya mwaka huu iwe Tanga. Nilijibiwa kwa mdomo, kwenye korido, "Tanga? Kuna nini Tanga?" Nikataja bahari. Nikaambiwa bahari haituhusu sana sisi wa huku.

Inatuhusu bwana, tena kwa bomba. Mto Karanga unaopita hapo, wenye kina mama wanaofua na vijana wanaoosha pikipiki, unashuka kukutana na Weruweru, maji yanaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachobaki baada ya mitambo ya umeme na mashamba kinatoka na mto Pangani hadi baharini, kusini kidogo ya Tanga. Sabuni yetu imeshafanya safari hiyo mara nyingi kuliko wanafunzi wangu.

Na watoto wa vipepeo nao ni wasafiri. Mayai yanaachwa yaelee, hakuna mzazi anayelinda, na mtoto anayetoka hukaa wiki kadhaa kwenye maji wazi akiwa amevaa mabamba ya mfupa kichwani kama kofia ya bodaboda, hadi atakapofika mwamba wowote mkondo utakakomtupa. Sehemu hii darasa liliipenda kuliko zote. Mmoja akauliza kama Bendera naye aliwahi kuvaa kofia. Nikamjibu ndiyo.

Binti nilimpa 7 kati ya 10. Mwalimu mwenzangu anasema ni nyingi, samaki wa kundi hawezi kuandikiwa "anaishi peke yake." Mimi nasema ni chache. Juzi nilimwita, nikamweleza habari za Mafia na lile kundi lililopotea likarudi, nikamrudishia karatasi arekebishe anachoona kinafaa. Akaazima kalamu yangu nyekundu. Akafuta "hapendi kuogelea sana." Kona ya kushoto akaiacha. Kisha chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, akaongeza mstari mmoja: "Idadi ya waliochunguzwa: mmoja."