ZX Spectrum: ubahili au akili?

Ikitajwa tu ZX Spectrum ya Sinclair, ile kompyuta ya Uingereza ya 1982, watu wanagawanyika, wengine takataka ya bei chee, wengine wanaitetea kama timu yao ya mpira. Mi nimeegemea kwa watetezi, ila sio kwa kila kitu.

Lawama kubwa ni rangi kugongana. Skrini ina pikseli 256 kwa 192 lakini rangi hazipangwi kwa kila pikseli, zinapangwa kwa kiboksi cha 8 kwa 8, na kiboksi kimoja mwisho rangi mbili, kwahiyo mtu wako kwenye gemu akipita mbele ya mti anageuka kijani au mti unavaa rangi yake yeye. Inachekesha na inaudhi. Lakini hebu piga hesabu, ukitaka kila pikseli iwe na rangi yake kati ya zile 15 za mashine hii unahitaji baiti 24,576, wakati mashine ya pauni 125 ilikuwa na baiti 16,384 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) jumla, yaani picha peke yake haiingii! Kwa viboksi picha nzima inakula 6,912 basi. Sasa hapo mjinga nani?

Toleo lake lingine, lenye RAM ya 48K (kilobaiti 48, badala ya 16 za ile ya pauni 125), ndo kali zaidi. Zile 32K za juu zilitoka kwenye chipu zenye hitilafu, nusu nzima nusu mbovu, ni kama embe lililooza upande mmoja, unakata unakula kulikobaki. Ndo maana iliuzwa pauni 175 wakati kompyuta mpinzani wake, BBC Micro Model B yenye 32K, ilifika 399.

Ila wapinzani nao wana lao. Chipu ya ULA inayochora skrini inagombania zile 16K za chini na prosesa, kwahiyo prosesa yenyewe, Z80A, inasimamishwa kidogo kidogo ikisubiri zamu. Sauti nayo prosesa inaipiga yenyewe, ikiimba kazi zingine zinalala. Kibodi ya raba sina la kusema, mbovu tu.

Nisichosamehe mimi ni swichi. Haina kabisa, kuzima mpaka uchomoe waya, halafu huko nyuma sehemu ya kuchomeka vifaa ni ukingo wa bodi uko uchi, ukisahau ukachomeka kitu umeme ukiwa unaingia unaweza kuunguza chipu. Walibana kila senti vizuri tu, hii ya swichi walikuwa wanamkomoa nani sasa?