Tanga au Dar es Salaam: Unafuu wa Maisha Unamfaa Nani?

Kauli kwamba maisha ya Tanga ni nafuu kuliko ya Dar es Salaam ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari, na wako watu wengi waliofanya uamuzi mkubwa wa maisha kwa kuitegemea nusu hiyo peke yake. Wastaafu na watumishi wa umma wanawasihi vijana wao wabaki nyumbani, kwa sababu Tanga mtu hula akashiba na hulala pasipo kudaiwa na mwenye nyumba. Vijana nao hujibu kwamba Tanga hakuna hela, na siku ya pili unawaona stendi ya Kange wakiwa na begi. Pande zote mbili zinasema jambo walilolishuhudia kwa macho yao. Tatizo ni kwamba kila upande unapima mji kwa mfuko wake, kisha unautolea hukumu mji mzima.

Orodha za kimataifa za miji hazitusaidii sana hapa. Orodha ya gharama za maisha ya kampuni ya ushauri ya Mercer huilinganisha miji na New York, na lengo lake ni kuyasaidia makampuni kukadiria malipo ya wafanyakazi wanaopelekwa nje ya nchi zao. Orodha ya miji inayofaa kuishi ya taasisi ya utafiti ya Economist Intelligence Unit, ambayo iliuweka mji wa Vienna kileleni mwaka 2022, 2023 na 2024 kabla ya Copenhagen kuushika usukani mwaka 2025, huangalia usalama, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Ni mambo ya maana, lakini hakuna hata moja kati ya orodha hizo iliyotungwa kwa kumfikiria mtu anayetafuta chumba Makorora, Tanga, au Mbagala, Dar es Salaam. Kwa mtu huyo maswali yenye uzito ni matatu: mwisho wa mwezi anabakiwa na nini mkononi, siku yake inaishia wapi, na akipoteza kazi leo, kesho atagonga mlango gani.

Swali la kwanza Tanga inalijibu vizuri. Gharama inayomwelemea mpangaji wa mjini ni kodi ya pango, na uzito wake hautokani na kiasi cha mwezi tu bali na desturi ya kudai miezi sita, na wakati mwingine mwaka mzima, kwa mkupuo. Dar es Salaam mpangaji mgeni hutoa kodi hiyo pamoja na malipo ya dalali, ambayo kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, kabla hajanunua hata godoro. Tanga desturi ni ileile, lakini kiasi chenyewe ni kidogo, na fedha inayompatia mtu chumba kimoja Sinza huweza kumpatia chumba na sebule Donge au Mikanjuni. Zaidi ya hapo, mji ni tambarare na umeshikana. Kutoka Ngamiani, penye barabara zinazoitwa kwa namba, hadi Chumbageni au bandarini, mtu huenda kwa baiskeli bila kutoka jasho la kumzuia kuingia ofisini, na kwa miaka mingi baiskeli imekuwa chombo cha heshima hapa, cha mwalimu na cha karani, wala si dalili ya ufukara. Anayeishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, hana chaguo hilo. Nauli anailipa kila siku, na akichelewa gari la alfajiri anailipa mara mbili kwa kupanda bodaboda.

Kuhusu chakula, sifa za Tanga zimezidishwa kidogo. Ni kweli samaki wa soko la Deep Sea hawajasafiri mbali, muhogo ni wa hapahapa, na machungwa ya Muheza yanafika soko la Mgandini yakiwa bado na majani. Lakini wakulima na wachuuzi nao wanajua bei za Kariakoo. Mboga za Lushoto zinapakiwa usiku kwenda Dar es Salaam, na msimu wa machungwa malori yanaelekea huko na mengine yanavuka Horohoro kuingia Kenya, kwa kuwa Mombasa ni karibu na Tanga kuliko Dar es Salaam ilivyo. Bidhaa nzuri hufuata mnunuzi mwenye fedha, na kuna wiki ambazo mama wa Nguvumali hulipia fungu la nyanya karibu sawa na mama wa Tandale. Vitu vya viwandani, kama sukari, mafuta ya kula, dawa na mabati, havina unafuu wowote wa kuzungumzia, kwa sababu vingi hupitia Dar es Salaam kabla ya kuja huku.

Mtu anayefaidika na Tanga bila shaka yoyote ni yule ambaye kipato chake hakitegemei uchumi wa Tanga. Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na kima hicho ni kimoja kwa nchi nzima. Mwalimu wa daraja moja, mwenye miaka ileile kazini, hulipwa sawa Usagara, Tanga, na Ubungo, Dar es Salaam. Huyu wa Usagara anatoka shuleni saa tisa na nusu, anafunga daftari za kusahihisha kwenye keria ya baiskeli, na saa kumi haijafika yuko kwake Mabawa akiwagawia kuku pumba. Ana banda la ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa yakizidi mahitaji ya nyumbani yanapelekwa kwenye kituo cha ukusanyaji, kwa sababu mkoa huu umejenga ushirika wa wafugaji wadogo na kiwanda cha kuyanunua, yaani Tanga Fresh. Mwenzake wa Ubungo saa hiyo bado amesimama kituoni. Mshahara wao mmoja, lakini wa Tanga ana kipato cha pili ambacho mwenzake hana nafasi ya kukitafuta, wala hana saa za kukihudumia. Muda ni sehemu ya mshahara, na katika mabishano haya hauhesabiwi inavyostahili.

Hesabu hiyo inageuka mara tu tunapomtoa mwalimu na kumweka kijana fundi wa kuchomelea vyuma. Huyu alipata kazi wakati bandari inapanuliwa, akalipwa vizuri, akanunua pikipiki. Mradi ulipokamilika aliangalia kulia na kushoto. Kuna viwanda vya saruji, kuna bandari yenyewe, kuna viwanda vya chokaa, kuna karakana za mitaani ambazo kila moja ina fundi wake na mpwa wa fundi. Akishazungukia milango hiyo, inayobaki ni kungoja. Dar es Salaam kijana huyohuyo angeianza asubuhi Vingunguti, angefuata Barabara ya Nyerere, angepita Chang'ombe, na angerudi jioni bila kazi lakini akiwa na milango mingine ya kujaribu kesho. Jiji kubwa humpa mtafuta kazi haki ya kukataliwa mara nyingi pasipo kuishiwa na watu wa kumkataa, na haki hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana kwenye bajeti ya mwezi. Ndiyo maana naona si haki kuwaita wavivu au wapenda anasa vijana wanaoondoka. Wamepiga hesabu, tena hesabu sahihi kwa hali yao.

Mama lishe ana hesabu yake pia. Wingi wa watu wa Kariakoo ndio mtaji wake, na mteja asiyemfahamu hulipa taslimu. Tanga wateja ni wachache na wote ni jamaa, hivyo daftari la madeni linajaa kabla ya sufuria kuisha.

Hali hii haikuwa hivi tangu zamani, na hapo ndipo panaponiumiza. Katika sensa ya mwaka 1967 Tanga ilikuwa na watu 61,058 na ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara, ikiifuata Dar es Salaam yenye watu 272,821. Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu mara nne na nusu ya Tanga. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na zaidi ya watu milioni 5.3, na Jiji la Tanga likiwa na watu karibu 393,000. Uwiano umevuka mara kumi na tatu, na njiani Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma na Morogoro zimetupita. Mji huu ulijengwa juu ya mkonge na reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893. Nyuzi za plastiki zilipoingia katika soko la dunia, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yaliyokuwa yametaifishwa baada ya Azimio la Arusha yakakosa uangalizi, na mji ukayumba. Viwanda vya umma vilivyofuata, kikiwemo cha mbolea kilichofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilianguka karibu kwa pamoja. Umaskini wa ajira wa Tanga hautokani na mji kutowahi kuwa na kazi. Unatokana na mji kuwa na tegemeo moja kubwa kwa kila kizazi, na tegemeo hilo likiondoka hakuna dogo dogo la kutosha la kushika nafasi yake.

Kwa sababu hiyo nasoma habari za miradi mipya kwa matumaini na kwa tahadhari. Upanuzi wa bandari, uliogharimu shilingi bilioni 429.1, umechimba mlango wa kuingilia meli kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na shehena yao kushushwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Huo ni mradi wenye mikono mingi nyuma yake: mawakala wa forodha, madereva, maghala, mafundi wa matairi, hoteli za madereva, hadi muuza maji. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, lina sura nyingine. Ujenzi wake unahitaji maelfu ya watu, lakini bomba likishaanza kusukuma mafuta huendeshwa na wachache wenye ujuzi maalumu. Anayepanga maisha yake kwa kutegemea bomba anapaswa kujua kama yumo katika kundi la kwanza au la pili. Barabara ya pwani inayojengwa kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo huenda ikagusa maisha ya watu wengi zaidi kuliko bomba, kwa sababu itampa mvuvi na mfanyabiashara mdogo njia fupi ya kufikia soko kubwa.

Katika ubora wa maisha, mizani haielemei upande mmoja. Maji ni fahari yetu ya haki: mamlaka ya maji ya Tanga, inayotegemea bwawa la Mabayani katika mto Zigi, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili kupanua huduma, ilhali Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji baada ya kina cha mto Ruvu kushuka. Hewa ya Raskazone jioni hailipiwi, na mtoto huenda shule kwa miguu. Lakini mtu akiugua moyo au saratani, hospitali ya Bombo itamhudumia kwa kiasi chake kisha itamwandikia rufaa, na taasisi za kitaifa za moyo, saratani na mifupa zote ziko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300. Familia inayomuuguza mzee kwa miezi hujikuta inalipa kodi mbili, ya hapa na ya chumba cha kufikia kule. Akiba yote ya unafuu wa Tanga huweza kuteketea katika ugonjwa mmoja, na sioni namna ya kuuita mji nafuu bila kulitaja hilo. Kwa vyuo vikuu pia tumebaki nyuma, na ingawa Chuo Kikuu cha Mzumbe kinajenga kampasi Mkinga, kwa sasa kijana mwenye ufaulu mzuri hupata sababu ya kuondoka akiwa na miaka kumi na tisa, na akishazoea mji mwingine hurudi kwa likizo tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye ajira ya serikali, pensheni, au kazi inayofanyika kwa intaneti, ni kwamba Tanga inaishinda Dar es Salaam kwa mbali, mradi awe na bima ya afya. Kwa anayeanza maisha akiwa na ujuzi wa mikono na bila ndugu wa kumshika mkono kazini, Dar es Salaam bado ina faida, ila faida hiyo ni ndogo kuliko anavyoambiwa na waliotangulia, na akikaa miaka mitano pasipo kupanda daraja itakuwa imekwisha kabisa kwa nauli na kodi.

Hata hivyo unafuu wenyewe si mali ya kudumu. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, kodi za nyumba huko zilipanda kabla nyumba mpya hazijajengwa, na idadi ya watu wa jiji hilo ilitoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Bandari yetu ikifanikiwa kama tunavyoomba, wapangaji wa kwanza kuumia watakuwa wale wanaoisifia Tanga leo kwa unafuu: muuguzi, fundi cherehani, mama mwenye genge. Bado kuna ardhi Pongwe, Kange na upande wa Chongoleani. Viwanja vikipimwa, vikawekewa barabara na mabomba ya maji, na vikauzwa kwa ukubwa ambao mtu wa mshahara mdogo anaumudu, mji utaweza kupokea wageni bila kuwasukuma wenyeji pembeni. Kazi hiyo ni ya Halmashauri ya Jiji, na wakati wake ni sasa, kabla madalali hawajamaliza kununua.