Mmemsahau mbuzi wa Gävle

Orodha yenu ya visa vya ajabu vya kusoma Krismasi ni tamu, ila mmemsahau mbuzi wa Gävle kule Uswidi! Ni sanamu ya limbuzi la mabua linalosimamishwa mjini Gävle kila Krismasi, refu kama mita 13, na tangu 1966 watu hulitia moto karibu kila wanapopata upenyo. Kisa nikipendacho ni cha 2001: mtalii Mmarekani alilichoma akidhani ni mila halali, akatupwa ndani siku 18, na mahakama ikabaki na kiberiti chake cha gesi. (Masikini, alidanganywa na marafiki.) Halafu mwaka 2023 moto haukuwaka, ndege ndio walimnyonyoa mbuzi, wakifuata nafaka zilizobaki kwenye mabua.